Hewa ya Chumba cha Ndani

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la vifaa, nikasaini, nikapewa soda na kipande cha keki, na mmoja wenu akaniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Vyeo nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa, na barua zake karibu zote zilikosea jina langu. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika yale yanayonirudia nikiwa peke yangu jikoni, na mengi yalitokea Biharamulo na Ngara, miaka ya wakimbizi.

Kwa wasioijua kazi yetu, sisi tunapima mionzi ya asili ndani ya nyumba. Si mionzi ya hospitali wala ya viwandani. Ni ile inayotoka kwenye mawe, mchanga na matofali tunayojengea, na kwenye ardhi tunayoweka msingi juu yake. Watu wakiambiwa hivyo husogea nyuma kidogo. Nilishazoea.

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa maabara, Mzee Kileo, aliniwekea mashine mezani, akaiwasha, akaniambia nikae nayo mpaka inyamaze, kisha nimwite. Alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Mashine ililia tik, ikapumzika, tik, tik. Nikaihamishia kwenye korido. Nikaipeleka uani, nikaipeleka hadi katikati ya uwanja wa mpira uliokuwa nyuma ya ofisi, mahali pasipo na ukuta wowote. Iliendelea. Nilirudi nikamwambia, kwa adabu, kwamba imeharibika.

"Ni nzima," alisema. "Hakuna mahali duniani itanyamaza."

Akaniketisha akanieleza. Ndani ya mawe kuna chembe zilizokuwamo tangu dunia hii inaumbwa, na zinameguka kidogo kidogo, moja hapa, nyingine pale, bila haraka na bila kuambiwa na mtu. Kila mlio ni salamu ya kumeguka huko. Akasema hata miilini mwetu zimo, hata kwenye ndizi niliyokula asubuhi. Jioni ile nilifika nyumbani nikaweka kiganja kwenye ukuta ulio karibu na kitanda changu, nikakaa hivyo kitambo. Mimi ni mzaliwa wa Singida, nimekulia kati ya majabali, na siku zote nilidhani hakuna kitu kimya kama jiwe.

Nilijifunza vifaa kimoja kimoja. Kulikuwa na mashine yenye kristali ndani, ambayo Mzee Kileo aliipakata garini kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kulikuwa na pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa ya chumba ipite kwenye karatasi ya kuchujia. Kulikuwa na vikombe vidogo vyenye kipande cha plastiki, ambavyo unaviacha chumbani kwa miezi, gesi inaviandika vishimo visivyoonekana kwa macho. Na kulikuwa na kioo kidogo cha kukuza, chenye unga mweupe upande mmoja, ambacho Mzee Kileo alikiweka mfuko wa shati na hakumpa mtu. Safarini tulisimamishwa kwenye kila kizuizi. Askari walitazama yale masanduku, wakauliza kama ni mabomu. Mzee aliwajibu kwamba mabomu yanabebwa na watu wenye gari zuri kuliko letu.

Gesi niliyoitaja inaitwa radoni. Haina rangi, haina harufu. Inazaliwa ndani ya miamba, inapanda kupitia nyufa, na ikikuta chumba kilichofungwa inajikusanya humo. Anayeivuta kwa miaka mingi mapafu yake yanaweza kudhurika. Nje, upepo unaisambaza na haina neno.

Hilo la upepo nililielewa vizuri Biharamulo, kabla ya Ngara. Tulipima nyumba za familia moja ya Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Baba alikuwa amejenga nyumba mpya ya matofali na saruji, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa, madirisha mawili madogo yamefungwa kuzuia vumbi. Mama yake mzazi alikataa kuhamia humo. Alibaki kwenye kibanda chake cha udongo na nyasi, kilichokaa moja kwa moja juu ya mwamba. Nilikuwa na hakika kibanda ndicho kitakuwa kibaya. Tukapima, na hewa ya kibandani ilikuwa karibu sawa na ya nje, kwa sababu upepo uliingia upande mmoja ukatokea wa pili. Kipimo cha nyumba mpya kilikuwa juu kidogo. Mwenye nyumba hakufurahi. Bibi alituuliza mashine imesema nini, tukamweleza, akasema yeye alikataa kuhama kwa sababu ya mkwe, si kwa sababu ya hewa.

Halafu watu wakavuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakikimbia mauaji. Ninyi mlio wadogo mmeyasoma haya shuleni. Mimi nilichokiona nilipofika Kasulo, wilayani Ngara, ni vilima vilivyofunikwa kwa maturubai mpaka jicho linachoka, na moshi wa maelfu ya mafiga umelala juu yake. Miti ilikuwa imekwisha. Wenyeji wa pale, watu wa mashamba ya migomba na kahawa, walikuwa wakitembea kwenye njia zao kama wageni.

Nilitumwa peke yangu, kwa mara ya kwanza bila Mzee Kileo, ambaye alikuwa ameanza kusumbuliwa na miguu. Asubuhi ya kuondoka alikitoa kile kioo mfukoni akanipa, akarudi ofisini.

Nilichoitiwa ni hiki. Kulikuwa na ghala la zamani la kahawa, la mawe, lililochimbiwa ubavuni mwa kilima. Lilikuwa limegeuzwa wodi ya watoto waliodhoofika kwa njaa na kuhara, wa kambini na wa vijijini pamoja. Miaka kadhaa nyuma yake walipita watafutaji wa madini na mashine zao milimani, na watu waliwaona wakizielekeza kwenye miamba. Sasa watoto wawili walioletwa wakiwa hoi walifariki ndani ya ghala, na maneno yakaanza: mawe yale yana moto wa bomu, watafuta madini walijua wakanyamaza. Kina mama wakatoa watoto nje. Wakawa wanalala chini ya turubai lililofungwa kwenye ukuta wa nje, na ilikuwa msimu wa mvua. Ngara iko juu, baridi yake si ya mchezo kwa mtoto mwenye mifupa mitupu.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi wa zamu, Sista Spesioza, mwenyeji wa huko, Mhangaza wa Bugarama, mwenye sauti iliyojaza chumba hata aliponong'ona. Waliobaki ndani walikuwa wachache, wale wadogo kabisa ambao mama zao hawakuwa na nguvu ya kubishana. Aliwalaza chumba cha ndani, kilichoingia kilimani, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto. Yeye mwenyewe alilala humo humo nao.

Pamoja naye alikuwapo Mzee Bartolomayo, mwashi aliyeshiriki kulijenga ghala lile akiwa kijana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Maneno ya watu kuhusu mawe yale yalikuwa yamemuumiza. Alisema kila jiwe la kuta zile alilichonga kwa mkono wake, na kama yanaua, basi yeye angekuwa wa kwanza kufa.

Nilipima kuta za chumba kikubwa siku nzima. Zilikuwa juu kuliko nyumba ya udongo, kama ilivyo kawaida ya mawe ya aina ile, lakini hapakuwa na jambo la kumtoa mtu ndani. Hewa ilikuwa safi. Milango miwili mikubwa ya ghala iliipitisha. Nilifurahi, nikaanza kupanga nitakavyowaambia kina mama. Kisha nikaingia chumba cha ndani na pampu.

Nilirudia kipimo kile nikidhani nimekosea. Nikabadilisha karatasi, nikabadilisha betri, nikasubiri, nikarudia tena. Kilikuwa kile kile. Sakafu ilikuwa na ufa mrefu uliofuata mwamba wa chini, na kutoka kwenye ufa ule radoni ilikuwa inapanda kama mvuke wa chungu kilichofunikwa, ikakosa pa kutokea. Sijawahi, kabla wala baada, kukuta chumba cha watu kulala kilicho juu kiasi kile. Na ndicho chumba cha joto, chenye watoto dhaifu kuliko wote.

Jioni niliomba kutumia redio ya upepo ya watu wa misaada, nikampata Mzee Kileo maabara. Nilimweleza. Nikamwambia ninachoogopa: nikiwaambia kina mama kwamba chumba kimoja kina tatizo, hawataingia tena jengo zima, na nisipowaambia, watoto wale wataendelea kulala mle. Redio ilikwaruza kwa muda mrefu mpaka nikadhani imekatika.

"Waambie yote," alisema. "Ukiwaambia nusu, nusu iliyobaki wataijaza wenyewe. Na usimtoe mtoto kwenye joto kabla hujampatia joto jingine. Baridi inaua leo. Gesi hiyo inahitaji miaka."

Asubuhi nilimwambia kwanza Sista Spesioza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Aliuliza swali moja tu: je, hiyo gesi ndiyo iliyowaua wale wawili? Nikamwambia hapana, haiui kwa siku wala kwa wiki, na mtu yeyote atakayesema hivyo nitambishia. Alivuta pumzi. Akatoka akamwita Mzee Bartolomayo, na akamwita pia mwanamke mmoja wa kambini ambaye wenzake walimsikiliza, Mama Vestina, aliyekuwa na binti wa mwaka mmoja chini ya turubai.

Nilivuta hewa ya chumba cha ndani kwa pampu, ikapita kwenye karatasi kwa muda mrefu mpaka mkono ukafa ganzi. Tukawahamishia watoto chumba kikubwa kwa saa ile, na chupa za maji ya moto. Ilikuwa mchana, lakini chumba kile mlango ukifungwa na blanketi likazibwa chini yake, huoni hata kidole chako. Tukaketi sakafuni sote wanne, tukingoja macho yazoee giza. Sista alinung'unika kwamba ana wagonjwa. Nikamwomba angoje kidogo. Kisha nikabandika karatasi kwenye upande wenye unga wa kile kioo, nikampa kwanza Mzee Bartolomayo, nikamwonyesha kwa kumshika kichwa jinsi ya kusogeza jicho.

Nilisikia pumzi yake ikisimama.

"Inyenyeri," alisema hatimaye, kwa lugha ya kwao. Nyota.

Niwaeleze ninyi mlio wadogo, maana siku hizi mnasoma namba kwenye skrini na hamjawahi kuona. Vumbi la radoni linanasa kwenye karatasi. Kila chembe yake inapomeguka inapiga ule unga, na unga unatoa cheche moja, ndogo kuliko ncha ya sindano. Ukitazama kwa kioo gizani unaona cheche zinawaka na kuzimika, hapa, pale, pale tena, uwanja mzima umejaa, bila sauti. Kila cheche ni chembe moja. Moja. Kitu kidogo ambacho hakuna jicho la binadamu liliumbwa kukiona, na unakiona. Mimi nimetazama mara nyingi, na kila mara moyo wangu unashuka chini kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na viatu.

Walipokezana. Sista alisali kwa sauti ya chini, Salamu Maria, mpaka mwisho. Mama Vestina alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akakataa kukirudisha kioo mpaka nilipomgusa bega.

"Hivi ndivyo vilivyo ndani ya watoto wetu?" aliuliza.

Nikamjibu yote, pale pale gizani. Kwamba ndiyo, anayelala humu anavivuta. Kwamba havikuwaua wale wawili. Kwamba miezi michache ni hatari ndogo, lakini miaka si ndogo, na ndiyo maana havitakiwi kubaki. Kwamba mawe ya kuta hayana lawama, shida ni ufa wa sakafu na kukosa njia ya hewa. Na kwamba vinaweza kutolewa bila kukifanya chumba kiwe cha baridi.

"Kitu ninachokiona naweza kukaa nacho," alisema. "Nisichokiona ndicho kinachoninyima usingizi."

Mzee Bartolomayo aliniuliza vitu hivyo vimekaa ndani ya mwamba tangu lini. Nikamwambia ukoo wa chembe hizo ulikuwamo kabla hapajawa na mlima, kabla hapajawa na mti wala mtu. Amevunja mawe tangu ujana, alisema, na kila alipopasua jiwe jipya alihisi kwamba anafungua kitu ambacho hakuna mtu amekiona. Hakujua ni kweli kiasi hicho. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Kazi ilianza siku ile ile, watoto wakibaki chumba kikubwa na chupa zao za maji ya moto. Alipasua sakafu kwa mtaimbo kufuata ufa, tukachimba mfereji, tukaujaza kokoto, tukalaza bomba la chuma lililobaki kwenye mradi wa maji wa kambini, alilolitoboa matundu kwa patasi. Bomba likapandishwa pembeni mwa ukuta mpaka juu ya bati, ili hewa ya mwambani ipite humo iende zake bila kuingia chumbani. Tukaziba sakafu kwa zege. Mwisho akatoboa ukuta wake mwenyewe, juu karibu na dari, tundu la hewa lenye kifuniko cha mbao. Alilia kidogo alipolitoa jiwe la kwanza. Wote tulijifanya tunatafuta karai.

Zege lilipokauka nilipiga pampu tena, mkono ule ule. Safari hii kina mama walikuja wengi, wakajaza mlango, lakini chumba kiliweza kuchukua wachache tu. Tukazima mwanga. Nikampa Mama Vestina kioo awe wa kwanza, kabla mimi mwenyewe sijatazama, na naweza kuwaambia kwamba sikuwa na hakika.

Alitazama.

"Giza," alisema. Tukangoja. "Giza tu." Kisha akasema, "Moja."

Nikamwambia hiyo moja moja haitakwisha, hata nje iko, hata kwao iko, kila mahali binadamu anapopumua. Akatafsiri kwa Kinyarwanda kwa wale wa mlangoni, maneno mengi kuliko yangu, na sikujua aliongeza nini. Kisha akanirudishia kioo, akatoka kwenye mvua, akarudi na binti yake amemfunika kanga, akamlaza chumba cha ndani karibu na ukuta. Wengine wakamfuata. Kufika jioni turubai la nje lilikuwa limefunguliwa, limekunjwa.

Siku ya kuondoka Sista Spesioza alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa hajaniuliza, na nilijua ataniuliza.

"Na mimi?" alisema. "Nimelala mle tangu wakimbizi walipokuja."

Nilimwambia nijuavyo. Kwamba muda wake mle ulikuwa mfupi ukilinganisha na miaka ambayo gesi ile inahitaji, kwamba yaelekea hatadhurika, na kwamba hakuna mtu hai anayeweza kumwambia kwa hakika juu ya mapafu yake. Aliuliza kama mimi ningekuwa yeye ningelala na hofu. Nikamwambia siku za mwanzo ndiyo, halafu kazi ingenisahaulisha. Akacheka ile sauti yake kubwa, akasema kazi anayo. Mwaka huu nilimpigia simu. Amestaafu kabla yangu, analima migomba Bugarama, na bado ukimpigia unalazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

Nilirudi Kasulo mara moja tu katika miaka ile, baada ya wakimbizi kuondoka. Barabara nzima ya kutoka Biharamulo ilikuwa tupu. Vilima vilikuwa vyekundu, vimebaki visiki, mafiga yamelala vilevile yalivyoachwa, mvua ilikuwa imeanza kuotesha majani kati yake. Nilimwambia dereva asimamishe gari nikashuka. Watu wengi kuliko mji wowote nilioujua waliishi pale, walipika, walizaa, walizika, na sasa nilisikia ndege tu. Dereva alivua kofia, hakuna aliyemwambia.

Ghala lilikuwa zahanati ya kijiji. Nilikuwa nimekuja kuchukua vikombe nilivyokuwa nimeviacha humo na kupima chumba cha ndani, ambacho sasa kilikuwa chumba cha kujifungulia. Niliukuta mlango umefungwa na Sista Spesioza yuko ndani na mwanamke wa Kasulo aliyekuwa amezidiwa na uchungu. Nilitaka kungoja nje. Aliniita kwa jina. Msaidizi wake alikuwa ameenda kufuata maji, na yeye alihitaji mikono mingine miwili, hata kama haijui kitu.

Niliingia na mashine bado inaning'inia shingoni. Kifuniko cha tundu la Mzee Bartolomayo kilikuwa wazi na mwanga ulishuka ukutani. Mtoto alitoka upesi, akiwa wa bluu, kimya. Sista alimfuta, akampapasa mgongo, akanikabidhi ndani ya kitenge ili amshughulikie mama aliyekuwa anavuja damu. Nilimshika mbele ya uso wangu. Nilimwona akifungua mdomo, kifua kikajaa, akavuta hewa ya chumba kile kwa mara ya kwanza, kisha akaitoa yote kwa kilio.

Siku ile sikuandika kipimo chochote. Mikono yangu ilikuwa imejaa.